Muhuri wa Mwalimu wa Mayfair

Nianze kwa kusema kwamba sijamsamehe, na sina mpango huo. Watu wa kanisani kwetu wakisikia watasikitika. Potelea mbali.

Nilikuwa naomba nafasi kwenye chuo cha ualimu hapa Johannesburg, nifundishe watoto wadogo. Alama zangu zilikuwa nzuri. Kilichonikwamisha ni lugha ya pili. Tulipohamia hapa kutoka Lubumbashi nilikuwa nimeshakua, na shule ikanisamehe Kizulu kwa kuwa mimi ni mgeni. Wenzangu wakiingia darasani, mimi nakaa maktaba nachezea simu, najiona mjanja. Hakuna aliyeniambia kwamba msamaha ule ungekuja kunifungia mlango. Dada wa mapokezi chuoni alinionea huruma. "Eish, dada, huna hata lugha ya kigeni?" Nikamwambia ninayo, Kiswahili, nimezaliwa nacho. Akasema basi niende kwa mwalimu anayetambuliwa na chuo, anipime, aweke sahihi na muhuri. Kwenye orodha yao, wa Kiswahili alikuwa mmoja tu.

Alikuwa mzee wa Tanga, anafundisha watoto wa Watanzania kila Jumamosi asubuhi, chumba cha juu ya duka la nguo kule Mayfair. Nilivaa vizuri, nikaingia, nikanyoosha mkono nikasema, "Jambo, mwalimu." Kwetu hiyo ni heshima kamili. Sisi hatuna shikamoo. Mkono wangu ukabaki hewani.

"Kwenu hamfunzwi adabu?" akauliza. "Haya, mjini hapa ulikuja na nani?"

"Nilikuyaka na mama," nikajibu. "Baba alibakiaka kule."

Akawageukia watoto. "Mmesikia hiyo? Nani atatutafsiria?" Watoto wakacheka mpaka wakashika mbavu, watoto ambao wakifika tu pale kwenye ngazi wanaongea Kiingereza kitupu! Akaniambia hicho si Kiswahili, ni mabaki yake, akaandika kwenye fomu neno moja: hajui. Nilishuka ngazi damu inanichemka. Nafasi yangu akapewa mwingine, na mwaka wangu mzima ukapotea kwa sababu mzee mmoja hakuamkiwa anavyotaka.

Mama anasuka nywele mtaa wa Berea. Nilimsimulia yote akiwa na kichwa cha mteja mapajani. "Muachie Mungu, mutoto yangu," akasema. Nikamwambia Mungu ana kazi nyingi, hii nitaifanya mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nikarudi. Shikamoo nilimpa, tena na goti nikapiga, nikamwomba anifundishe. Alivyovimba kichwa! Akanikalisha mkekani katikati ya watoto wa miaka minane, magoti yangu yananifika kidevuni, na kila nilipoteleza aliwaachia wanizomee. Nikajikaza kisabuni. Kila alichonipa nilikimeza, nikadai na kingine. Siku za kazi nasuka na mama, mdomo unarudia masomo mpaka wateja wananiuliza kama nina homa. Nilimchukia kwa bidii, na chuki ile ndiyo iliyonisomesha. Wanaosema chuki haina faida hawajui kuitumia. Hata haya nayaandika kwa Kiswahili chake, asije akasingizia kwamba hakuelewa.

Maombi ya chuo yakafunguliwa tena. Akanipima, nikamjibu mpaka akaishiwa maswali. Akajipiga kifua, akasema barua atanikabidhi siku ya wazazi, mbele za watu, waone alivyomchukua Mkongo akamfanya mtu. Ndivyo alivyosema, mbele yangu.

Siku hiyo chumba kilijaa. Wateja wa mama, Wakongo wenzetu, nilikuwa nimewaalika wote, nao wakakaa nyuma kimya, maana mbele ya Watanzania watu wetu hujifanya hawana ulimi. Mama alishika kitenge kipya cha kumpa mwalimu. Maombi yalikuwa yanafungwa Jumatatu; mzee akikasirika kabla barua haijatoka mfukoni mwake, nimekwisha. Kwa hiyo nilinyenyekea, nikaitikia kila kitu, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Akanikabidhi. Nikaisoma palepale, taratibu: anajua Kiswahili vizuri sana. Sahihi ipo, muhuri upo. Nikaikunja, nikampa mama, akaitia kifuani.

"Sasa toa shukrani," mwalimu akasema, akanipa kipaza sauti.

"Bamama na batata," nikaanza, nikiwageukia akina mama na akina baba, "huyu mwalimu alinichekaka juu ya luga ya mama yangu."

Akanikodolea macho. Nadhani alifikiri nimeteleza tu, akanong'ona nijisahihishe. Thubutu!

"Alisemaka hii si Kiswahili," nikaendelea, sauti imepanda. "Leo anaandika na mukono yake asema nakijua. Anatia na muhuri. Basi yote nitasema leo, ni Kiswahili!"

Kule nyuma akina mama wakaruka na vigelegele, na mmoja akapaza sauti, "Sema, mutoto, sema!" Nikasema. Nilisema kila kitu, mkeka, kuzomewa, mwaka wangu uliopotea, na sikubadilisha hata neno moja kumfurahisha. Raha niliyoisikia siwezi kuificha.

Mzee akasimama. Akaenda mpaka alipokaa mama, akanyoosha mkono. "Nirudishie barua hiyo."

Mama akakikunjua kile kitenge kipya, akajifunga mwenyewe kifuani, juu ya barua, akapiga fundo.

"Kuya uikamate," akamwambia.

Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni pa chuo.