Kifurushi cha Ramani za Mabomba

Pale idara ya maji walimwita Mama Ramani. Alianza kazi akichora mabomba kwa penseli kwenye karatasi kubwa kama shuka, na kompyuta zilipoingia yeye ndiye aliyezihamisha ramani zote, mtaa kwa mtaa. Mdogo wake wa kike, mwandishi wa programu, alimwekea mfumo wa kutunza matoleo: ukibadilisha ramani unaandika sababu kwa ufupi, na ile ya zamani haifutiki. Mama Ramani alizikariri amri zake chache kama mtu anavyokariri namba ya simu, bila kujua ndani kuna nini. Karatasi zikatupwa.

Kisha kompyuta ya ofisini ikafa. Fundi aliyeifungua alirudi na flashi mkononi.

“Nimeokoa faili moja tu,” akasema, “lakini nene.”

Mkuu wa kitengo akasema hakuna haraka, wataiangalia wakitulia.

Hawakupata nafasi ya kutulia. Kesho yake asubuhi bomba lilipasuka mbele ya duka la kinyozi. Maji yaliingia hadi kwenye viti, mteja akakimbilia nje kichwa kimenyolewa upande mmoja. Fundi bomba akapiga simu ofisini.

“Mama, valvu ya kufungia maji ya mtaa huu iko wapi? Nikifunga ile kuu, na hospitali nayo inakauka.”

“Nipe dakika mbili,” akasema Mama Ramani, akaibofya ile faili.

Kompyuta ikamuuliza anataka kuifungua kwa programu gani. Akachagua ya kwanza iliyokuja. Skrini ikajaa vijiti, vinukta na herufi zilizopinduka, kana kwamba mtu amekalia kibodi. Akafunga, akafungua tena. Vilevile. Akampigia mdogo wake.

“Dada, hiyo haifunguliwi hivyo,” mdogo wake akamwambia. “Hicho ni kifurushi. Matoleo yote ya ramani zako yamo humo, yamebanwa na kushindiliwa. Kilichopotea ni faharasa yake.”

“Faharasa ya nini tena? Mimi natafuta valvu.”

“Bila faharasa kompyuta haijui valvu yako imelala wapi humo ndani. Kuna amri inaitwa index-pack. Inasoma kifurushi chote na kuandika kila kitu kilipo. Haya, fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri.”

Akaandika herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayesomewa dawa za mgonjwa. Mara ya kwanza kompyuta ilidai hiyo faili haipo, wakati yeye anaiona kwa macho yake mawili. Kumbe alikuwa kwenye folda nyingine. Mara ya pili asilimia zikaanza kupanda, zikafika mwisho, kisha ukatokea mstari mrefu wa herufi na tarakimu zilizochanganyika. Halafu kimya.

“Imenitukana,” akasema.

“Imesemaje?”

“Tisa, e, mbili, f, saba, c... Niendelee?”

“Usiendelee. Imekubali! Hilo ni jina la kifurushi chako. Kingekuwa kimeharibika, ingekuambia.”

“Ndivyo inavyofurahi hivi?”

Kweli, kando ya ile faili nene palikuwa na nyingine ndogo, mpya. Akaifungua kwa hamu. Vijiti na vinukta.

“Hiyo ni ya kompyuta kusoma, dada, si ya kwako.” Mdogo wake alikuwa anajizuia kucheka.

Wakatengeneza hifadhi mpya ya matoleo, tupu, wakaziweka faili zote mbili ndani yake. Mama Ramani akaomba historia ya ramani. Akajibiwa kwamba hakuna toleo hata moja. Akamsomea mdogo wake jibu hilo.

“Yamo,” mdogo wake akasema. “Ila alama iliyoonyesha lipi ni la mwisho ilikufa na kompyuta. Kila toleo linataja lililolitangulia. Sasa tutafute lile ambalo halitajwi na jingine lolote.”

“Yaani tunatafuta lile ambalo hakuna anayelijua?”

“Ndiyo hilohilo.”

Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama nyuma yake. “Mama, mtaa unaogelea na wewe unacheza na tarakimu?”

Walikuwa wamelipata toleo la mwisho. Ramani ilikuwa imefunguka. Valvu ilikuwa mbele, karibu na ngazi ya kinyozi. Akashusha pumzi. Kisha, kwa kuhakikisha tu, akaangalia toleo lililotangulia: valvu hiyohiyo ilikuwa nyuma ya jengo, kando ya ukuta wa shule ya watoto wadogo. Aliyeihamisha kwenye ramani ni yeye. Jina lake lilikuwepo, na sababu aliyoiandika: “sahihisho”. Basi.

“Nilisahihisha nini?” akajiuliza kwa sauti. Alijaribu kuikumbuka siku ile, hali ya hewa, nani alimtuma. Hakupata kitu.

Akachapisha ramani zote mbili, akaenda mwenyewe.

Kinyozi alikuwa mlangoni, suruali imelowa hadi magotini. “Mnanibomolea ngazi kwa uhakika au kwa kubahatisha?”

“Kwa ramani,” akasema Mama Ramani, naye akajua hajajibu.

Wakang’oa vigae. Valvu ikaonekana, imeshika kutu lakini nzima. Fundi bomba akaizungusha hadi jasho likamtoka. Maji yakaendelea kutoka.

“Yamepungua,” akasema, “au macho yangu tu?”

“Yamepungua,” akasema kinyozi.

“Wapi? Ni yaleyale,” akasema mteja wa nusu kichwa, ambaye hakuwa ameondoka.

Mama Ramani akaziangalia karatasi zake, hii, ile, tena hii, mpaka mistari ikaanza kuingiliana machoni. “Chimba na nyuma,” akasema.

“Sasa ipi ndiyo yenyewe, Mama?”

“Sijui. Wewe chimba.”

Nyuma nako kulikuwa na valvu nyingine. Walipoifunga, bomba lilikoroma, likatema mara moja, likanyamaza. Lilikuwa linalishwa kutoka pande zote mbili. Fundi bomba akampa mkono kwa heshima, kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Mama Ramani akaupokea, macho yakiwa bado kwenye karatasi zake. Labda siku ile aliiona ya mbele akadhani ni ileile, akaihamisha badala ya kuiongeza. Labda sivyo.

Jioni aliweka valvu zote mbili kwenye ramani. Penye sababu akaandika: “Ziko mbili. Zifungwe zote. Nimeziona leo kwa macho.” Kisha akamtumia mdogo wake nakala ya hifadhi nzima aitunze, akampigia.

“Sasa ile amri umeielewa?” mdogo wake akauliza.

“Hapana. Nieleze tena. Lakini polepole, na usicheke.”