Siku Baba Mkubwa Alipombeba Mtani

Enzi zetu, jamani, mtu alitukanwa na wale wanaompenda. Wajukuu zangu ukiwatania kidogo tu wananuna, wanajifungia chumbani na simu zao. Mimi miguu yangu iliacha kazi nikiwa na miaka minne, baada ya homa, nikalelewa kwa matusi nyumbani kwetu Bagamoyo, na raha kama ile sijaiona tena.

Baba alikuwa amefariki, mama anashinda shamba la mihogo. Tuliishi na Mzee Maganga na mkewe Bi Kabula, chumba chao uani. Hao ndio walioniogesha, wakanivisha, wakanipeleka chuoni kusoma Kurani na kunirudisha. Wao Wanyamwezi, sisi Wazaramo, yaani watani, na mtani ana ruhusa ya kusema na kufanya lolote. Ukikasirika, aibu yako. Kila asubuhi Mzee Maganga alinipakia mgongoni akilalamika: "Babu yangu alibeba pembe za ndovu toka Tabora, akafika hapa akalipwa. Mimi nabeba Mzaramo asiyeuzika!" Nami namjibu, "Beba, ndiyo kazi ya ukoo wenu!" Akicheka, natikisika mwili mzima.

Tukicheza kombolela nilijificha nikiwa mgongoni kwa Bi Kabula. Mama wa watu, mwili ule, anajibanza nyuma ya mnazi! Tulikamatwa wa kwanza kila siku, na kila siku aliapa kuwa ni mimi niliyetokeza. Kisha anatuchomea mihogo, kipande kikubwa changu, huku akisema nakula kama mchwa.

Vita vya Hitler vilipokwisha akaja Baba Mkubwa, kaka yake baba, kutoka Dar es Salaam, kanzu imepigwa pasi, tarbushi kichwani. Akasema ni fedheha mtoto wa ndugu yake kulelewa na watu baki, atanichukua. Chumba alichonitengea nilikijua tangu tulipomtembelea: cha nyuma, hakina dirisha, kimejaa magunia ya nazi kavu. Mama hakuwa na ubavu wa kumpinga shemeji yake. Nililia mpaka kwikwi.

Mzee Maganga akaenda akalala chali kizingitini. Watani hufanya hivyo mazikoni, hulala kaburini mpaka wapewe wanachotaka.

"Huyu hatoki," akasema, "mpaka unibebe mimi hadi sokoni na kurudi. Nione kama mgongo huo unaweza kulea."

"Ondoka hapo, mzee!" Baba Mkubwa akafoka.

"Unakasirika?" Bi Kabula akauliza, mtaa mzima ukasikia. "Jamani, Mzaramo kakasirika!"

Majirani wakajaa. Baba Mkubwa akatazama huku, akatazama kule, akainama. Mzee Maganga akapanda juu ya kanzu ile, akamvua tarbushi akaivaa mwenyewe, safari ikaanza. Mimi nafuata mgongoni kwa Bi Kabula. Sokoni mzee akawa anapunga mkono: "Punda mpya huyu, katoka Dar!" Wauza samaki walicheka mpaka nzi wakajilia watakavyo. Tuliporudi, hatua chache kabla ya mlango, mgongo wa Baba Mkubwa ukakaza. Hakuweza kunyooka wala kukaa.

Alilala wiki tatu kwenye mkeka kando ya wangu. Bi Kabula alimchemshia maji ya kujikandia, na Mzee Maganga alimbeba kwenda chooni akinung'unika kwamba mizigo ya nyumba hii inazaana. Mchana mmoja Baba Mkubwa akaniuliza polepole, "Huyu mzee amewahi kukuangusha?"

"Hajawahi, Baba Mkubwa."

Alipopona akamwambia mama, "Mtoto abaki kwao." Nililia tena, sasa kwa furaha, na Bi Kabula akanifuta machozi akisema nina sura mbaya nikilia.

Wote wametangulia mbele ya haki. Leo nina kiti cha magurudumu, na binti mwenye adabu anaishi nami ananisukuma. Tukipita shimo, "pole bibi." Tukipita jiwe, "pole bibi." Juzi nikamuuliza kabila lake. Mnyamwezi! Moyo ukanilipuka, nikapiga kelele, "Kumbe! Ukoo wa wabeba mizigo umenirudia! Sukuma, punda wee!"

Akasimama. Akaja mbele yangu, akapiga magoti, macho yamejaa machozi. "Bibi, nisamehe. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mwanangu," nikamwambia. "Twende."