Mizani Niliyompimia Mzee Wekesa

Mwisho wa mwezi mmoja pale Thika haunitoki akilini, mwanangu, na leo nakusimulia kwa sababu nasikia umeanza kulalamika. Umepata kazi ya usaikolojia katika kiwanda kule Ruiru, una digrii ya pili, halafu ukagundua kwamba mwenzako mwenye diploma anakushinda mshahara. Unasema lazima kuna mchezo. Huenda upo. Mimi mwenyewe ni mtu wa kushuku. Hata muuza maziwa wetu hapa Kamenu namkodolea macho mpaka amalize kupima. Lakini nisikilize kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, digrii ya pili mkononi, nimeajiriwa na kiwanda cha nguo. Kazi yetu ilikuwa kama yako: kujua kwa nini watu hudumu kazini au huhama, nani anafaa wapi, na kila kazi ilipwe kwa ngazi gani. Ofisini tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Mzee Wekesa, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye diploma aliyoisomea jioni na miaka kumi na tisa katika kazi hiyo. Siku hiyo ya mwisho wa mwezi karani wa mishahara alikosea akanipa bahasha ya Mzee. Nikaifungua, nikaona mshahara wake umezidi wangu kwa karibu nusu.

Niliumia, tena sana. Sikumuuliza mtu, nikaanza kumchunguza. Saa ya chakula aliketi na wafumaji, akila githeri nao, na mara kwa mara alitoa kijitabu akaandika. Nikajiambia, huyu ni mpelelezi wa mkurugenzi, ndiyo maana analipwa hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi mkurugenzi akaniachia kazi ya kupanga upya ngazi za mishahara. Unajua inavyofanywa: kila kazi hupewa alama za masomo, za uzoefu, za majukumu, kisha jumla huamua ngazi. Alama nyingi nikazijaza kwenye masomo. Uzoefu nikaukata kwenye mwaka wa tano, miaka iliyozidi isihesabiwe. Ukilitazama, lilikuwa jedwali safi. Moyoni nilijua ninamlenga mtu mmoja. Nikatia sahihi, mkurugenzi akatia yake, na Mzee Wekesa akashuka ngazi mbili.

Hakunigombeza. Wiki hiyo nilikuwa nimegawa karatasi za maswali, bila majina, kuuliza wafanyakazi kama wameridhika. Karibu wote walisema ndiyo, nami nilikuwa naandika ripoti nikitabasamu. Mzee akachukua karatasi moja, akaweka kidole kwenye namba niliyoiandika konani.

"Hii namba ni ya nini, binti yangu?"

"Ya kujua ngapi zimerudi, Mzee."

"Wewe unajua hivyo. Mama wa mashine kule chini anajua ni ya kumtafuta yeye. Hawa hawajaridhika, wanaogopa." Akanifungulia kile kijitabu. Ndani mlikuwa na habari za nani anakohoa kwa vumbi la pamba, nani ananyanyaswa na msimamizi, nani anatafuta kazi kwingine. "Haya hawaandiki. Wanamwambia mtu waliyemzoea." Kisha akasema polepole, "Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Pensheni yangu itahesabiwa kwa mshahara wa mwisho. Kama ungeniuliza kwa nini nililipwa vile, ningekuambia."

Nikaenda mbio kwa mkurugenzi nikaomba tulibadilishe jedwali. Akanitazama kwa shaka, akauliza yule mzee amenipa nini. "Jedwali ni lako na sahihi ni yako," akasema. Maji yakimwagika hayazoleki. Haikupita miezi miwili, wanawake wa kitengo cha kusokota, wale wale walioandika kwamba wameridhika, wakaacha mashine wakatoka wote pamoja.

Mzee Wekesa alistaafu kwa ngazi niliyomshushia. Shamba alilotaka kununua kwao hakulinunua; alibaki mtaa wa Kimbo, karibu na Ruiru, katika chumba kimoja cha kupanga. Nilimwendea kuomba msamaha, akanisamehe, na chai akanipa. Lakini msamaha wake haukuongeza hata shilingi. Pensheni ilikuwa ile ile mpaka akafa.

Kwa hivyo, mwanangu, masomo yana haki yake. Digrii itakuanzisha juu, na kuna vyeo ambavyo bila hiyo huvifikii. Usikubali mtu akudanganye. Ila miaka nayo hulipwa, kwa sababu imani ya wafanyakazi haipatikani darasani, na kuishi kwingi ni kuona mengi. Ukishuku, shuku, lakini nenda ukaulize waziwazi ngazi zinapangwaje, na uonyeshwe kwa maandishi. Kama kuna mchezo, utaujua. Kama hakuna, utakuwa umejifunza bila kumuumiza mtu. Na usikubali hata siku moja kuipima kazi ya mtu uliyemkasirikia, hata ukiagizwa na mkubwa wako.

Nenda salama. Mungu akupe mshahara wa kukutosha, na akuzuie mkono siku utakapopewa kalamu ya kupanga mshahara wa mwenzako.