Maua ya Jiweni

Ukiingia kwenye kile kimsitu nyuma ya shamba letu Mkange, kwanza ulipokewa na harufu ya majani yanayooza na mawe yasiyokauka. Humo kivulini, katika nyufa za mawe, yaliota maua ya zambarau yenye kiini cha manjano, na majani yake yalikuwa manene, yenye manyoya laini kama sikio la mbuzi mchanga. Sikuyaona pengine popote. Bibi, mzaa mama, aliyenilea, aliyaita maua ya jiweni, na mimi nilijihesabu kuwa mrithi wake wa pekee.

Nilipokuwa na miaka kumi akaja Zena, binti wa mama mdogo, kutoka Dunda mjini. Alikuja likizo. Alikuwa mdogo kwangu kwa mwaka mmoja, mpole, sauti yake ya chini. Haikupita hata wiki, Bibi akamshika mkono wakaenda msituni, mimi nikaachwa natwanga mpunga. Waliporudi Zena akaniambia, "Dada, Bibi kanionyesha maua. Kasema nina mkono mwepesi wa kupanda." Nilitwanga hadi punje zikaruka nje ya kinu.

Kesho yake, Bibi akiwa kwenye sala ya adhuhuri, nilichukua kisu na beseni nikayang'oa yote niliyoyafikia. Niliyapanda nyuma ya jiko, juani, nikayamwagia maji mengi. Baada ya siku mbili yalikuwa kama mchicha uliochemshwa.

Bibi hakunichapa. Alisimama akiyatazama, kisha akauliza, "Ulitaka nini, mjukuu wangu?"

"Nilitaka yawe yangu."

"Wewe unakaa nayo mwaka mzima. Mwenzio anaondoka Jumapili. Nilitaka apate cha kukumbuka."

Zena alichuchumaa, akapekua, akapata jani moja lililokuwa bado zima. Akalifunga kwa kitambaa kibichi, akaenda nalo Dunda.

Machache yaliyosalia juu ya mawe hayakudumu. Bibi alipofariki, miti ilikatwa ikawa mkaa, pakalimwa mananasi, na jua likayapiga mawe yale mpaka yakawa meupe. Nimeyakagua mara nyingi. Hakuna kitu.

Maua ya jiweni ninayoyajua leo yametokana na jani lile, nayo yamo kwenye makopo ya maziwa chini ya upenu wa Zena. Watu wanaojua mimea huja kumuuliza, naye huwasimulia habari za Bibi, utadhani ndiye aliyelelewa naye. Mwezi uliopita nilimtembelea, nikakaa nikisikiliza, chai ikapoa mkononi. Nilipoaga alikata jani. "Chukua, dada. Ulitie kivulini, usilizamishe kwa maji." Upole huo uliniuma kuliko kusutwa.

Jani limetoa mizizi. Kila asubuhi nalitazama, na siku nyingine najikuta naomba ya Zena yanyauke, libaki hili langu peke yake. Kisha naona aibu. Nina wajukuu watano sasa, na wivu ule haujazeeka hata siku moja.