Hondohondo Aliyetulia Tawini

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, baba yako akifunga begi la kamera nyuma ya pikipiki huku akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Sijawahi kukusimulia asubuhi ile. Umekua ukijua kwamba mama yako alifariki katika uzazi, na tukakuachia maneno hayo machache kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na ubavu wa kuyaongeza. Ila juzi ulipokuja hapa kwangu Kimandolu, ukanisogezea kamera yako mpya na kusema, "Shangazi, mwone huyu hondohondo alivyotulia," niliinuka nikaenda jikoni, nikajifanya naangalia sufuria. Jikoni hakukuwa na kitu mekoni. Nilikuwa natafuta mahali pa kusimama.

Picha ile naijua. Ndege dume mwenye mdomo mkubwa juu ya tawi, shingo kaivuta juu, koo limejaa matunda, jicho moja limekuelekea. Baba yako aliipiga ileile kabla wewe hujafikisha mwezi.

Baba yako alikuwa na macho, na simsifii kwa kuwa ni kaka yangu. Kaka yangu nimemsema vya kutosha katika maisha haya. Alikuwa akiongoza wageni kwenye msitu wa Meru, na mgeni mmoja alipoondoka alimwachia kamera ya filamu pamoja na lenzi ndefu. Tangu hapo ikawa ndege tu. Alijua kozi anakaaje kabla ya kuruka, korongo anainamaje akitaka kumfukuza mwenzake. Mjini kulikuwa na mzee wa Kihindi mwenye studio, ukoo wake umepiga picha Arusha tangu enzi za babu zao, na kila mwaka alitoa kalenda. Huyo ndiye aliyemwambia baba yako, Elisante, niletee hondohondo dume akimlisha jike, nitaiweka mbele kabisa. Basi. Usingizi ukamwisha kaka yangu.

Sijui kama huko kwenye simu zenu wanawaeleza jambo hili, kwa hiyo nitalieleza. Hondohondo jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti mkubwa, kisha mlango unazibwa kwa udongo, unabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Hatoki tena mpaka makinda yakue. Chakula chake chote kinatoka kwa dume. Dume asipokuja, jike hana la kufanya.

Bibi yako alimwita jike huyo mzazi. Unajua desturi yetu. Mwanamke akijifungua hukaa ndani, miezi hata mitatu, hachoti maji, hashiki jembe, analetewa mtori wa ndizi na maziwa na samli. Mume kazi yake ni kuhakikisha nyama haikosekani. Chumba cha uzazi haingii ovyo. Husimama mlangoni, anauliza hali, anajibiwa, anaenda zake. Desturi nzuri, nami imenilea, lakini ina tundu lake, na baba yako alitumbukia humo.

Msimu ule wazazi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa kwenye mti mkubwa pale msitu unapoanza, juu ya mashamba yetu ya kahawa. Wa pili alikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yetu, mama yako Eliwaza, na wewe kifuani.

Elisante alijenga kibanda cha matawi na turubai karibu na ule mti. Karibu mno, leo nasema, ila siku ile mimi nilikuwa binti aliyemaliza shule na hana la kufanya, kazi yangu ilikuwa kubeba begi na kunyamaza. Tulikaa humo siku baada ya siku. Dume alikuja na kelele za mabawa zinazosikika kabla hujamwona, akatua kwenye tawi mkabala na tundu, akabaki hapo. Manyoya yameshikamana na mwili, shingo juu, hajikuni, hajichambui, hatikisiki. Kamera ya kaka yangu ikalia na kulia. Baadaye ndege yule anaondoka na matunda yake kooni.

Nilimuuliza mara moja, "Kaka, mbona haendi kwa mke wake?"

"Ametulia tu," alinijibu bila kutoa jicho kwenye kamera. "Anatuzoea. Kesho atashuka."

Kesho yake hakushuka. Keshokutwa alikuja mara chache zaidi.

Nyumbani nako kulikuwa kumetulia, mwanangu, na hapa ndipo moyo wangu unapouma. Eliwaza alikuwa mgeni kwetu bado, mkwe anayeogopa kuonekana mzembe au dhaifu. Alikaa wima kwenye kitanda, kajifunga kanga mbili na blanketi juu, jua kali nje. Wanawake waliokuja kumtazama walimsifu. Mzazi gani ametulia hivi, walisema, hasumbui mtu. Bibi yako peke yake hakusifu. Alimgusa paji la uso. Jioni ile tuliporudi alimkuta kaka yangu uani akifuta lenzi.

"Elisante, kesho usiende. Mkeo simwelewi. Kaa karibu, na hiyo pikipiki ikae karibu."

"Mama, kesho ndiyo siku yenyewe. Nikiikosa, jike atatoka na msimu umekwisha."

Akaenda mlangoni kama desturi, akauliza kwa sauti, "Mama Upendo, hujambo?"

Sauti ikatoka ndani, nyembamba, "Niko salama, baba Upendo. Nenda tu."

Naye akamgeukia bibi yako kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi. Mlango haukuwa na hata komeo. Angeusukuma kwa kidole angeona mkewe anavyotetemeka, lakini hakuusukuma, na hakuna aliyemfundisha kwamba anaweza.

Hiyo ndiyo iliyokuwa jioni ya kabla ya asubuhi niliyoanza nayo. Tulipanda, ukungu ukatuacha njiani, tukaacha pikipiki kwenye kichaka na kuingia kibandani. Dume alikuja, akakaa kama kawaida yake, kanyooka. Jua lilikuwa limeshapanda niliposikia mtu anahema nyuma ya turubai. Alikuwa bibi yako. Alikuwa amepanda kilima chote kile kwa miguu, kanga imemlowa jasho, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope huko chini. Nilidhani angepiga kelele. Hakupiga. Alichungulia pale tulipokuwa tunachungulia, akamtazama ndege.

"Huyo yuko hapo tangu lini?"

"Tangu asubuhi, mama," kaka alinong'ona, bado ana furaha. "Ona alivyotulia."

"Hajatulia. Anakuogopa. Mwenzake ana njaa mle ndani, nawe umemkalia mlangoni." Akavuta pumzi. "Na wako hanijibu tena. Nimefuata pikipiki, na mimi siwezi kuiendesha."

Sijamwona mtu akikimbia kama kaka yangu siku ile. Alimwacha mama, akaniacha mimi, akaacha kamera imesimama kwenye miguu yake mitatu ikimtazama yule ndege. Eliwaza alifungwa kwa kanga mgongoni kwa baba yako ili asidondoke, jirani mmoja akakaa nyuma kumshikilia. Hospitali walipokelewa vizuri, madaktari walihangaika. Ilikuwa homa ya uzazi, na ilikuwa imemla siku zote zile alizosema yuko salama. Daktari alisema tu kwamba mngemleta mapema kidogo. Hakusema kwa ubaya. Mama yako alifariki kabla ya jua kuzama, nawe ukiwa nyumbani unalia kwenye mapaja yangu, unatafuta ziwa ambalo mimi sikuwa nalo.

Baada ya mazishi nilipanda peke yangu kubomoa kibanda. Hakuna aliyenituma. Ndani ya kibanda sikuweza kukaa, kwa hiyo niling'oa matawi, nikakunja turubai, nikachukua kamera, nikashuka mpaka kwenye migomba ya jirani, ambako mti bado ulionekana, na kuketi ili nilie bila kuonwa. Hata sijamaliza, mabawa yakasikika. Dume akatua kwenye lile tawi. Safari hii manyoya yake yalikuwa yamelegea, akajikuna kichwa kwa ukucha, akaruka moja kwa moja hadi kwenye tundu. Ncha ya mdomo ikatoka kwenye ufa. Akatapika tunda, akampa, akatapika lingine, akampa. Alikuwa anangoja tuondoke tu. Kwa siku zote zile hakutaka kitu kingine kutoka kwetu. Nililia mpaka nikaumwa kichwa, na sikuwa nalia kwa ajili ya ndege.

Filamu za siku za kwanza kaka yangu alikuwa ameshaziacha studio, wakazisafisha bila kujua msiba wetu. Picha ya dume kanyooka tawini ikatoka kwenye kalenda. Watu waliinunua, wakaitundika sebuleni, wakasema ndege gani huyu ametulia hivi. Baba yako hakushika kamera tena. Ulipoileta yako nyumbani mwezi uliopita aliondoka akaenda zizini, ukasema mzee hafurahii kazi yako. Anakupenda kuliko unavyofikiri. Hajui tu akae wapi wewe ukiwa na kitu kile mkononi, na mimi simlaumu tena, miaka imenichosha kulaumu.

Sasa nisikilize, maana sitazunguka. Sikukatazi kupiga picha. Ndege akijikuna, akijichambua, akila, akigombana na wenziwe, hapo yuko kwenye shughuli zake, piga uchoke. Lakini akinyooka, akabana manyoya na kukutazama bila kufanya chochote, ujue wewe ndiye umemsimamisha. Hiyo si picha ya ndege, ni picha ya hofu unayomtia. Rudi nyuma. Rudi tena, mpaka aendelee na alichokuwa akifanya, hata kama picha utaikosa. Na nyumbani ni hivyohivyo. Mtu wako akikaa kimya muda mrefu, akakujibu kutoka ndani kwamba yuko salama, usiuamini mlango. Ingia. Desturi itakusamehe, kama haitakusamehe, mimi nitakutetea mbele ya wazee wote.

Umeniambia mti wako uko juu ya shamba la rafiki yako, na kibanda ulichojenga bado kimesimama pale. Kwa hiyo mle ndani yuko jike, na labda makinda, na dume anazunguka na matunda kooni. Usilale hapa leo. Panda sasa hivi wakati kuna mwanga, ukibomoe, ushuke mbali, ukae kimya umwone akiingia.

Mungu wa mama yako akutangulie njiani, akupe macho ya baba yako na akuepushe na haraka yake. Akujalie watu wasioogopa kukuambia wanaumwa, na wewe uwafikie mapema. Chukua sweta langu pale mlangoni, huko juu kuna baridi.