Java ya Mngoni, PHP ya Mhehe

Mimi nilikuwa mtu wa Java. Naanza na hilo kwa sababu mjini Songea, miaka ile soko lilipofunguliwa na kila mwenye mtaji akaruhusiwa kununua mazao, vijana waliojua kuandika programu tulikuwa wa kuhesabika, na tukikutana hatukuulizana habari za nyumbani. Tuliulizana: wewe ni wa Java au wa PHP? Ukijibu isivyotakiwa, hupewi kiti.

Nieleze kidogo. Seva ni kompyuta inayokaa mahali pamoja na kujibu maswali ya kompyuta nyingine. Mtu yuko Tunduru anauliza ghala lina magunia mangapi, seva iko Songea inamjibu. Nilipomweleza mama yangu hivyo, alisema, "Kumbe ni karani. Anakaa, anaulizwa, anajibu. Sasa ninyi mnagombea nini?"

Tulikuwa tunagombea namna ya kumfundisha huyo karani. Java na PHP zilikuwa njia mbili za kumfundisha. Zilikuwepo nyingine, lakini sisi hizo mbili zilitutosha kununiana. Programu ya Java iliandikwa kwa mpangilio, kila kitu na mahali pake, na ikishasimama imesimama. Ila kuwaka ilichukua muda, hasa kwenye kompyuta zetu kuukuu, na umeme wa Songea ulikuwa bado wa majenereta ya dizeli, unakatika bila hodi. PHP unaandika mistari michache, unahifadhi, unafungua ukurasa, kazi imekwisha. Mimi niliiona ni kazi ya kulipua. Sijabadili mawazo sana.

Magazeti ya Dar es Salaam yalitufikia jioni, kwa basi. Tulifungua kurasa za ajira kabla ya habari. Benki na kampuni za simu zilitaka Java na kulipa vizuri. Waliotaka PHP walikuwa wenye hoteli, mashule na watu wa miradi, wanalipa kiduchu lakini ni wengi. Kila upande ulitoka na ushindi wake kwenye gazeti lilelile. Tena kazi zote zilikuwa Dar! Songea haikuwepo hata moja. Tulikuwa tunagombania mchumba anayeishi mji mwingine na asiyejua kama tupo.

Kiongozi wa upande wa PHP alikuwa Mhehe mmoja aliyekuja kutoka Iringa kumsaidia kaka yake kuendesha intaneti kafe. Alijifundisha mwenyewe, kafe ikiwa haina wateja, na alikuwa mwepesi, sikatai. Mimi Mngoni. Babu zetu walipigana, wakachoka, wakatuachia utani, na anayekulia kwetu anajua maana yake: mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akakunyang'anya soda mkononi, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, wewe ndiye mwenye makosa. Mtani hakasirikiwi.

Basi yule bwana alinitania asubuhi na jioni. Wahehe husingiziwa kula mbwa, sisi Wangoni panya, kwa hiyo mimi nilimuuliza kama mbwa wa jirani bado yuko hai au tayari wamemtia chumvi. Mama yangu alimpenda kupita kiasi. Alikuwa akija nyumbani kwetu Lizaboni, hata shikamoo hajamaliza, anauliza, "Mama, panya wamebaki au huyu mwanao kawamaliza?" Mama anacheka mpaka anashika ukuta.

Alishika ukuta kwa sababu nyingine pia. Kisukari kilikuwa kimeanza kumla macho. Baba alishatangulia, dada yangu ameolewa Mbinga, nyumbani tumebaki mimi na yeye. Alijua kila jiwe la ua wake, na njia ya kwenda kanisani aliifuata kwa miguu peke yake, watu wakimsalimia anawatambua kwa sauti. Jambo lilikuwa wazi kabisa. Nikipata kazi Songea, mama anabaki kwake. Nikikosa, mimi naenda Dar kwenye Java yangu, naye anahamia Mbinga kwa dada, yaani kwa mkwe.

Kwa asiye wa kwetu hilo linaweza kuonekana dogo. Kwetu mama mkwe na mkwewe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali sahani moja, wakikutana njiani mmoja anapisha pembeni. Sasa mama aliyekosa macho, akae nyumba ya mkwe, aongozwe chooni huku mkwe anapita? "Heri nilale na kuku," alisema. Hakuwa anatania.

Kisha Songea ikapata kazi. Kampuni moja binafsi iliyokuwa inanunua korosho Tunduru, mpaka huko Nalasi, ilifungua ofisi mjini kwetu na kutaka mtu mmoja wa kutengeneza mfumo wa maghala na kuutunza. Meneja alikuwa Mkenya, mtu wa Nairobi, mstaarabu, shati limenyooka hata saa tisa mchana. Tulioitwa tulikuwa wawili, mimi na Mhehe. Mshahara haukuwa wa Dar, lakini ulikuwa wa Songea, na mimi ndicho nilichokuwa natafuta. Mama alinisalia rozari nzima. Mhehe alimwambia, "Mama, niombee na mimi," na mama akamjibu kwamba Mungu hasikii Kihehe.

Meneja alituita chumba kimoja, siku moja, ili alinganishe. Kila mmoja alete mfano: magunia yanaingizwa kwenye kompyuta ya kwanza, yanaonekana kwenye ya pili. Walikaa pale mhasibu, wapakiaji wawili waliokuja kuchungulia, na mtunza ghala, mzee wa Kiyao kutoka Nalasi, kofia kichwani, aliyekuwa amekuja na mzigo.

Mhehe alianza. Alibonyeza, magunia yakatokea. Haikuchukua muda hata wa kukohoa.

Ikaja zamu yangu. Niliwasha, nikangoja. Nilijua itawaka, na nilijua ikiwaka itafanya mambo ambayo ya Mhehe haikuyaota: watu wawili wakiingiza gunia moja kwa wakati mmoja yangu haichanganyikiwi, umeme ukikatika katikati hesabu haipotei. Nilikuwa nimejiandaa kuizimisha makusudi mbele ya meneja aone. Lakini kwanza iwake. Tukatazama kioo. Chumba kikawa kimya, na ukimya wa namna ile kwa mtani ni mwaliko.

"Meneja, usishangae," Mhehe akasema. "Huyu ni Mngoni. Babu zake walitoka kwa Wazulu kwa miguu, wamefika hapa wamechoka. Hiyo Java yake nayo inakuja kwa miguu. Ukimwajiri huyu, korosho zitaota ndani ya ghala!"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Mhasibu akajifuta machozi. Mimi nami nikacheka, ningefanyaje? Nikarudisha: "Meneja, huyu Mhehe ukimpa kazi, hakikisha hufugi mbwa." Wakacheka tena. Meneja hakucheka. Alinitazama, akamtazama Mhehe, akauliza kwa upole, "Kwa hivyo unasema ni slow?"

Hapo palikuwa na nafasi. Mhehe angeweza kusema, hapana mzee, nilikuwa namtania, Java ina sababu zake. Alizijua sababu zote, tulikuwa tumezibishania miaka. Alitabasamu tu, akasema, "Wewe mwenyewe si unaona, meneja."

Nayo ikawaka palepale. Nikaonyesha niliyoyaonyesha. Nilipotaka kuzima umeme meneja akasema imetosha, ahsanteni sana.

Kazi alipewa Mhehe. Habari za mle ndani aliniletea mzee wa Nalasi, ambaye hakunihusu kwa lolote. Alinikuta stendi akingoja gari la Tunduru, akaniita pembeni. "Mwanangu, wallahi nilimwambia. Nilimwambia meneja, hawa ni watani, maneno ya mtani hayapimwi kwenye mizani. Akaniambia, mzee, watani ama si watani, huyo ni fundi, na fundi amesema. Tena mwenzake hakukataa, alicheka." Akatikisa kichwa. "Ya mbwa hakuyasikia kabisa. Nyumba yake haina mbwa."

Sasa hapo ndipo penye kichekesho, kama una moyo wa kucheka. Ningemlalamikia nani? Nikienda kwa meneja, naonekana nimeshindwa na nafuata sababu. Nikienda kwa wazee wa kwetu kusema Mhehe kanitania nikakosa kazi, wangenifukuza: tangu lini Mngoni akashtaki utani? Rafiki zangu wa Java walisema PHP imeshinda Songea kwa hila. Wa PHP walisema imeshinda kwa kuwaka. Kwenye kafe ubishi uliendelea vilevile, kwao ilikuwa mechi moja kati ya nyingi.

Mhehe nilimuuliza mara moja tu. "Ulimweleza meneja kwamba ulikuwa unatania?" Akanigonga bega. "Nitamweleza, Mngoni. Ngoja nizoee ofisi. Kwanza nyinyi mna haraka gani, mliotembea miaka?" Nikacheka. Desturi ndiyo ilitaka nicheke. Nilicheka miezi yote iliyofuata, kila alipopita na shati jipya, na wala sikujua ndani yangu kuna nini. Mtani hakasirikiwi, mimi ni nani nikasirike?

Kampuni ya simu ya Dar ilinijibu. Java, kama gazeti lilivyosema. Mama nilimwambia jikoni, naye akaendelea kuchambua maharage kwa vidole, jiwe huku, haragwe huku, mpaka yakaisha. Akauliza tu, "Huko kwa mkwe wangu, choo kiko upande gani?"

Siku ya kuhama ilikuwa Jumamosi. Mwenye Fuso alikuwa anapeleka mbolea Mbinga, akatupa nafasi nyuma kwa ajili ya vyombo na mbele kwa ajili ya mama. Kinamama wa jumuiya walikuja wakasali, wakaimba, mmoja akamfunga mama khanga mpya kiunoni. Mama aliuzunguka ua wake taratibu, akagusa mlango wa jiko, akagusa kamba ya nguo. Hakulia. Aliuliza kama kuku wamegawiwa wote.

Mhehe alikuja. Kama mtani ilikuwa zamu yake, kila mtu alijua. Siku kama hiyo mtani ndiye anayekalia godoro akasema halitoki mpaka alipwe, anayevaa sufuria kichwani, anayewafanya watu wacheke pale wanapotaka kulia. Kinamama walishaanza kutabasamu walipomwona getini. Yeye akaingia ameinamisha kichwa, akasalimia, akaenda moja kwa moja ndani, akatoka amebeba kitanda cha mama mgongoni.

Mama aliijua ile miguu kwa mshindo wake. "Mtani!" akaita. "Umekuja kuniaga au umekuja kuhakikisha nimekwenda? Mbona kimya? Mbwa wako kafa?"

Watu wakacheka, wakageuka wote kumtazama, wakingoja jibu. Alisimama pale mlangoni na kitanda mgongoni.

"Leo sina utani, mama," akasema.

Wale kinamama walidhani ni huzuni, wakamwonea huruma. Mama hakudhani hivyo. Alikaa akimwelekea kwa muda, na macho yake yale yasiyoona, tabasamu likamfutika usoni polepole, kisha akageukia upande niliokuwepo mimi. Mpaka siku ile sikuwa nimemwambia yaliyosemwa mbele ya meneja. Sikuhitaji kumwambia tena.

Mtani aliyesema utani ule siku ile kwa moyo mweupe angeweza kutania na siku hii. Huyu alijua kwamba hakuwa ametania. Alijua tangu mle ofisini, na alikuwa amejificha nyuma ya babu zetu muda wote ule, huku mimi nimezuiwa hata kununa. Sasa utani ameuweka chini yeye mwenyewe, mlangoni kwa mama yangu, na aliyebaki amesimama pale alikuwa mtu tu aliyetaka kazi niliyoitaka mimi. Hasira ikanipanda yote kwa mara moja, ya miezi yote.

Nilimwambia aweke kitanda cha mama chini, nitakibeba mwenyewe.