Kanda ya Ngamia wa Kaikor

Nakumbuka siku niliyoshuka Lodwar, huko Turkana, kutoka kwenye lori la vitunguu. Nilikuwa nimepitia Voi, Nakuru na Kitale, kila mji nikiuhama kabla haujanizoea. Nilikuwa kijana, mwanangu, na kazi niliyoipata ni kunakili kwenye kompyuta kanda kuukuu za kituo kidogo cha televisheni kilichofungwa. Ekai, mzaliwa wa mjini hapo, alitaka kuzitumia kutengeneza filamu kuhusu miaka ya uvamizi na uporaji wa mifugo.

Picha za uvamizi wenyewe hazikuwepo. Nani angeshika kamera risasi zikilia? Basi msimulizi alipotaja mifugo iliyoporwa, Ekai akapachika, kutoka kanda nyingine, picha ya mtu mrefu akiswaga ngamia huko Kaikor. Nikamuuliza ngamia hao ni wa nani. Akacheka. "Watazamaji hawasomi ngozi za ngamia, bro."

Jambo usilolijua ni kama usiku wa giza.

Filamu tuliionyesha katika mji wa Kakuma, mchana, katika ukumbi wa kanisa, madirisha tumeyaziba kwa blanketi. Ngamia walipopita kwenye picha, mzee mmoja wa hapo, Lokol, akasimama. Alama ya moto mapajani mwao ilikuwa ya marehemu baba yake. Ngamia hao walitoweka mwaka wa uvamizi, yeye akiwa mbali akichunga mbuzi. Na yule mtu mrefu alikuwa hai, akiuza mbuzi sokoni, hatua chache kutoka hapo.

"Kumbe ni yeye," alisema taratibu. Wanawe wawili wakaelekea mlangoni kumfuata.

Niliwasihi waone kwanza kanda nzima, iliyokuwa kwenye kompyuta. "Wewe mtu wa Kenya, hii haikuhusu," mmoja akanijibu; ndivyo walivyotuita sisi wa kusini. Mzee akainua fimbo, wakasimama. Nikatafuta mpaka akatokea baba yake Lokol mwenyewe, anacheka, anamkabidhi yule mrefu ngamia, akisema huyu ni rafiki yake wa kupeana mifugo wakati wa shida na ukame umemmaliza.

Lokol alimtazama baba yake hadi picha ikakatika. Kisha akatugeukia.

"Mkono uliopokea mmetuonyesha. Mkono wa baba uliotoa, mliutupa wapi?"

Alikwenda sokoni bila fimbo, akarudi na yule mtu, wakaketi pamoja wakaitazama kanda tena.

Tulipomaliza kuirekebisha filamu nilipanda gari la Kitale, na Turkana sijarudi, ingawa moyo hunivuta. Mwanangu, ukishika picha ya mtu umeshika shingo yake. Usiikate kabla hujajua kilichotangulia. Akuj, Mungu wa Waturkana, akupe mvua na malisho, na watakaosimulia habari zako wazianzie mwanzo.